Usije Kabla Gari Halijapona

Ilemela, Mwanza
8 Juni 2025

Victor wangu,

Kuna sauti moja imenikaa kichwani tangu juzi: tone la maji likiangukia chuma cha moto. Chsss, kisha kimya, kisha chsss tena. Nilikuwa nimezima injini pale kwenye mwinuko wa nyumbani, vioo vyote vimefungwa, nami sijashuka. Nilidhani ni mimi ninayetoa pumzi. Siku hizi nakaa garini kidogo kabla ya kuingia ndani, kwa sababu ndani hakuna wa kuniuliza nimeshindaje.

Niliposhuka nikainama, nikaona maji ya kijani yanachuruzika juu ya mawe, yana harufu tamu kama sharubati iliyochacha. Mwalimu wa kemia asiyejua kilichomo ndani ya gari lake mwenyewe. Kila mwaka nawafundisha watoto kwa nini maji yenye kitu ndani yake huchelewa kuchemka, lakini rejeta sijawahi hata kuifungua. Wewe ndiye uliyekuwa unaifungua.

Shule tumefunga juzi. Unajua maana yake. Uliniambia mwezi huu wazee wa ukoo watakuruhusu utoke kwenye boma la marehemu baba ukafungue mji, yaani boma lako mwenyewe, na kwamba kwa desturi yenu mke wa kwanza ndiye anayeingia na moto siku hiyo. Asipoingia yeye akaingia mwingine, basi huyo mwingine ndiye wa kwanza, hata kama ameolewa jana. Ulinieleza ukicheka, kama unayenitisha. Mimi sikucheka. Mimi ni Mjita, moto wa Waluo siujui, lakini nimejiandaa. Godoro, sufuria, chungu alichonipa mama, vyote viko sebuleni vimefungwa kwa shuka, navipita kila asubuhi nikienda kupiga mswaki. Tangu ile mimba ya Februari ilipotoka sijataka kitu kingine kwa nguvu kama hiki. Nataka kuingia mahali nikiwa nimetangulia, mahali ambapo hakuna atakayeniangalia tumboni kwanza ndipo aniangalie usoni.

Niambie nifanye nini na gari. Nilipeleke kwa mafundi wa Mabatini? Au niliache nije na basi? Simu yako haipatikani kila ninapopiga, na ulisema hapo mlipo mpaka mtu apande kilimani. Kwa hiyo nimeandika, na barua nampa kondakta wa basi la Shirati kama ulivyonielekeza. Kusema kweli nimefurahi kidogo. Kwenye simu huwa nasahau nilichotaka kusema, nabaki na kile nilichosema.

Wako,
Odeta


Karibu na Shirati, Rorya
11 Juni 2025

Nyar Majita,

Ndivyo mama anavyokuita hapa, binti wa Majita, na anakusalimu. Kifua chake bado kinamsumbua.

Usiogope. Gari linalovuja tone moja moja halijafa. Usilipeleke Mabatini, watakushushia injini nzima kando ya barabara halafu wairudishe na boliti nyingine zimebaki mfukoni. Utafanya mwenyewe. Nitakuelekeza kama nilivyokuwa nawaelekeza vijana kiwandani kule Nyakato kabla hawajatupunguza, ila wewe sitakutukana.

Kwanza injini ipoe kabisa. Asubuhi kabla hujaiwasha ndiyo saa nzuri. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, Odeta, nakuomba. Nimeona mtu alivyobabuka uso. Hata ukiwa umepoa weka kitambaa juu yake, zungusha taratibu, na ukisikia pumzi yoyote ndani, acha, subiri.

Kisha futa kila mpira wa maji kwa kitambaa mpaka ukauke. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Washa, iache iungurume, na wewe ukae tu ukitazama, mikono mbali na feni. Usihangaike na pale maji yanapodondokea, kwa sababu yanatembea kwenye chuma kabla ya kuanguka. Tafuta mahali pa kwanza palipolowa.

Nabashiri ni mpira wa juu, pale unapovikwa kwenye shingo ya injini. Klampu yake, ile pete ya chuma inayoubana, ina kutu, niliiona siku ile tunarudi Ukerewe. Ikiwa ndipo, zima, iache ipoe tena, legeza klampu kwa bisibisi, chomoa mpira kwa kuuzungusha. Usiuvute kwa hasira, nakujua. Ukikuta mwisho wake umepasuka, kata hicho kipande tu kwa kisu kikali, urefu bado unatosha. Sugua ile shingo kwa msasa mpaka ing'ae, rudisha mpira, funga klampu mpya. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo, usiukate.

Kitakachomwagika kikinge kwenye beseni. Ni sumu, na ni tamu, kuku wa mzee Mihayo hapo jirani watakikimbilia. Ukijaza, changanya kulanti, yale maji ya kijani ya dukani, na maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kwa nusu. Usiweke maji ya ziwa, yataota tope humo ndani.

Mambo ya wazee bado. Wanabishana kuhusu siku. Wewe usije na basi. Unaingia mji mpya na vyombo vyako, kwenye gari lako. Hutakuja na mafurushi kichwani kama mtu aliyekuja msibani, watakusema mpaka uzeeke. Na usije kabla gari halijapona. Ukikwama kule kati ya Lamadi na Bunda ni wewe na tembo.

Ukimaliza niandikie kila kitu. Napenda unavyoandika.

Victor


Ilemela
13 Juni 2025

Victor,

Ulibashiri sawa. Ni mpira wa juu.

Nikuandikie kila kitu, umesema. Basi. Niliamka, nikavaa ile fulana yako ya kiwandani, nikakunjua boksi la televisheni, nikalitandika. Barua yako niliibana chini ya waipa ili isipeperuke, na kila hatua niliisoma kwa sauti, kwa hiyo ilikuwa kama umesimama nyuma yangu. Nilipofika pale "usiuvute kwa hasira" nilikuwa tayari nauvuta kwa hasira.

Mzee Mihayo alikuja na kiti chake kabisa, akakaa kando kama yuko uwanjani.

"Bhebhe, wewe mwalimu," akasema, "kujichafua kote huko kwa nini? Leta kipande cha sabuni ya mche, kandika hapo panapovuja, utafika mpaka Nairobi."

"Na ikiyeyuka?"

"Unaongeza sabuni."

"Mzee wangu, na lile la kwako pale lina sabuni?"

Akaligeukia gari lake, lile lililopandishwa juu ya mawe tangu hatujahamia hapa. "Lile halikuharibiwa na sabuni," akasema. "Lile liliharibiwa na shemeji."

Nilicheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini. Halafu nikauona ule mpasuko wenyewe, mwembamba, mfupi kama ukucha, umejificha chini ya klampu. Victor, nilikaa chini pale kwenye mawe. Kwa miezi mingi watu wamekuwa wakiniambia mambo kuhusu mwili wangu, huyu anasema hivi, yule anasema vile, na hakuna aliyewahi kunionyesha mahali akasema: ni hapa. Na hili hapa lilikuwa linaonekana, na kisu kililitosha.

Nikakata, nikasugua, nikavika, nikakaza. Nikajaza taratibu. Nikawasha na kuacha mfuniko wazi, mapovu yakapanda, yakapungua, yakaisha, na hilo hukuniambia, nililijua mwenyewe: hewa ilikuwa inatafuta njia. Leo asubuhi boksi lilikuwa kavu. Nililipapasa kwa kiganja, pembe hadi pembe.

Mikono yangu bado ina ile harufu tamu na mpira, sijaiosha sana.

Jumatatu naanza safari. Wazee wakiwa bado hawajapatana, nitakaa kwa mama, nitamchemshia maji ya kifua, nitangoja nikiwa hapohapo. Gari limepona. Niambie tu njia ya kuingilia baada ya Shirati.

Odeta


Karibu na Shirati
15 Juni 2025

Nyar Majita,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama pale stendi, kisha nikaisoma tena nikitembea, nikajikwaa. Mzee Mihayo na shemeji yake. Ningekuwepo.

Umefanya vizuri kuliko vijana wangu wote. Lakini usianze safari Jumatatu. Nisikilize kwanza. Mpira ukifungwa vizuri, presha ambayo ilikuwa inatokea pale sasa itatafuta mahali pengine dhaifu. Angalia mfuniko wa rejeta, ile raba ya ndani. Ikiwa imekauka au ina ufa, mfuniko haushiki presha, na maji yanachemka mapema. Haya wewe ndiye unayeyafundisha. Badilisha mfuniko. Halafu angalia feni: gari likiwa limesimama linaunguruma, geji ya joto ikifika katikati, feni lazima ianze yenyewe na baadaye inyamaze. Ikigoma, mlima wa kwanza tu utakwisha.

Ukishafanya hivyo lijaribu safari fupi. Nenda Magu na urudi, siku mbili tatu tofauti, na kila asubuhi angalia kiasi kwenye chupa ya akiba. Weka alama kwa kalamu ya wino. Usiwe na haraka. Haraka ndiyo inayoua injini.

Na usije na basi, nimeshasema.

Hapa nimechoka. Udongo wa ukuta bado mbichi na unanuka mvua, ua bado ni miti mitupu, upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja. Usingizi nao ni wa taabu, jogoo anawika mlangoni kwetu kabla hata anga halijafunguka. Ungekuwepo ungemrushia kiatu.

Kula vizuri. Niandikie.

Victor


Ilemela
18 Juni 2025

Victor,

Mfuniko nimebadilisha. Raba ilikuwa na ufa kweli. Feni inaanza yenyewe, geji ikigusa katikati, na inanyamaza kama mtu aliyesema neno lake akakaa. Magu nimekwenda na kurudi mara mbili. Siku ya kwanza nilizima redio njia nzima ili nisikilize injini. Siku ya pili niliimba. Alama niliyoweka kwenye chupa haijashuka hata unene wa uzi.

Nimemfikiria huyo jogoo wako. Nimefurahi, sijui hata kwa nini. Labda kwa sababu ni kitu cha kwanza ulichoniambia kuhusu mahali penyewe: ukuta mbichi, upepo, jogoo. Kabla ya hapo ulikuwa unaniambia wazee, wazee, nikawa siwezi kuona chochote. Sasa nikifumba macho naona mlango. Sitamrushia kiatu. Nitamzoea.

Nakuja Jumamosi hii. Nisome vizuri: sikuombi ruhusa, nakutaarifu, kwa mapenzi. Mwalimu Selestina, yule tunayefundisha naye, anakwenda likizo kwao hukohuko Rorya na ameomba nimpe lifti. Kwa hiyo sitakuwa peke yangu na tembo. Mama yako nimemnunulia kitenge, chenye buluu anayoipenda. Likizo inakatika, Victor. Nikisubiri gari liwe jipya, nitakuja nikiwa bibi.

Kuna jambo moja nalisema hapa kwa sababu nikifika nitaona haya. Nilikuwa naogopa kwamba baada ya Februari ulikwenda huko kunikimbia. Hukusema neno baya hata moja, na ukimya wako niliusoma vibaya. Kisha zikaja hizi barua. Hakuna mtu anayemwambia mwanamke aweke kitambaa juu ya mfuniko, asubiri asikie pumzi, ikiwa hampendi. Ndivyo ninavyoamini sasa. Nilitaka ujue kwamba naamini.

Odeta


Shirati
20 Juni 2025

Odeta,

Usije Jumamosi. Nimefikiria juu ya gari. Ule mpira umepasuka kwa sababu ya joto, na joto huenda linatokana na wota pampu. Wota pampu ikianza kufa haioneshi, inakufa safarini. Chunguza chini ya pampu kama kuna michirizi mikavu ya rangi ya kijani au nyeupe. Shika puli, lile gurudumu lake linalovutwa na mkanda, uitikise, ikicheza usisafiri. Hata isipocheza ni vizuri ikae wiki moja ndipo uwe na hakika.

Mwambie mwalimu Selestina apande basi. Nitakuandikia siku.

Nakuomba unisikilize.

Victor


Ilemela
22 Juni 2025

Victor,

Wota pampu ni kavu. Puli haichezi. Niliichunguza jana kabla jua halijawa kali, kwa sababu uliniomba nikusikilize, na mimi nimekusikiliza mwezi huu kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote.

Baada ya hapo Selestina akaja na begi lake, hakuwa amepata habari kwamba safari imeahirishwa. Nikamwambia aingie tunywe chai kwanza. Alikaa kwenye godoro langu lililofungwa, kwa sababu viti nimevijaza vyombo. Nikamwambia, "Madam, wewe ni mtu wa huko. Nisaidie. Mtu akiingia mji mpya, anawaletea nini waliomo? Nisije nikaonekana sina adabu."

"Waliomo akina nani?" akasema. "Mji mpya si hauna mtu mpaka uingie wewe?"

"Victor yupo. Analala hukohuko anajenga, na usingizi hapati, jogoo anampigia kelele mlangoni." Nilikuwa nacheka. Nikamsomea na ule mstari.

Akaweka kikombe chini.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Odeta," akasema. Hajawahi kuniita jina, kila siku ni madam na madam. "Huyo jogoo ni wa mama yake?"

"Sijui. Jogoo ni jogoo."

"Kwetu si hivyo. Kwenye mji mpya jogoo hatangulii kwenda. Anaingia siku ileile ya kufungua. Mwenye mji anambeba jogoo, mtoto wake wa kiume wa kwanza anabeba shoka, na mke anabeba moto. Wanaingia pamoja, na usiku huo wanalala humo, mume na mke. Mwanamume halali peke yake kwenye mji mpya. Hakuna. Hata awe mlevi, wazee hawamruhusu."

"Labda wa kwenu ni wakali kuliko wa kwao," nikasema.

"Labda," akasema. Alikuwa anaangalia chungu cha mama. Kisha akasema taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi aliyefeli, "Mlangoni kwetu. Ameandika kwetu, dada."

Nilimpikia chakula cha mchana. Tulikula samaki na ugali bila kuzungumza juu yako, tukazungumza juu ya mitihani ya kidato cha nne. Alipoondoka alinishika mkono muda mrefu pale getini, na mzee Mihayo alitusalimia wote wawili, sisi hatukumjibu vizuri.

Nimezisoma barua zako zote upya, kwa mpangilio. Kila nilipofunga mahali pamoja ulinifungulia pengine. Mpira, mfuniko, feni, Magu, pampu. Sikuliona hilo. Nilikuwa nasoma kwa namna nyingine.

Swali langu ni moja. Sitaki habari za gari. Nani alibeba moto?

Odeta


Shirati
25 Juni 2025

Odeta,

Anaitwa Modesta. Anatoka hapa jirani na kwetu. Tuna mtoto wa kiume, alizaliwa kabla sijakujua wewe vizuri, na nilikuwa namtumia matumizi kimya kimya. Nilidhani itabaki hivyo.

Baba alipofariki, baba wadogo waliniita. Wakasema hawawezi kumfungulia mji mtu asiye na wa kubeba shoka, na kama nina mtoto basi aje na mama yake. Nikawaambia nina mke Mwanza, ng'ombe wake nilishawapeleka Majita, kila mtu anajua. Wakasema, mke huyo akizaa ataongezwa. Walisema mbele ya mama. Mama alilia, lakini hakupinga.

Ilikuwa tarehe saba. Barua yako ya kwanza iliponifikia, ile ya tone la maji, moto ulikuwa umeshawashwa na tulikuwa tumeshalala humo. Nilikaa nayo pale stendi. Nilitaka kukujibu kweli. Nilishika kalamu kukuambia, nikaona umeuliza kuhusu gari, na jibu la gari nilikuwa nalo. Basi nikaandika lile nililokuwa nalo.

Na kisha ukaniandikia ile ya Mihayo. Odeta, sijui kama utaelewa. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu Februari. Nikasema moyoni, wiki moja tu nyingine. Nikatafuta kitu kingine cha kuharibika.

Lakini kila nilichokuambia kuhusu gari kilikuwa kweli. Sikukudanganya hata neno moja juu ya gari. Nilitaka likufikishe salama popote.

Nimeongea na wazee. Nyumba yako itajengwa hapahapa ndani ya mji, pembeni ya ile ya kwanza, ya bati, si ya nyasi. Modesta hana ubaya, anakuogopa kwa sababu umesoma. Anajua kwamba wewe ndiye niliyekuchagua mwenyewe. Utakuja likizo, utarudi kazini kwako, hakuna atakayekubugudhi. Mimi ni yuleyule.

Njoo. Gari limepona. Njoo tuzungumze.

Victor


Majita, kwa baba
30 Juni 2025

Victor,

Nimekuelewa. Sitaki ufikiri kwamba nimekataa kukuelewa kwa kuwa nimeumia. Nimeuona mkono wako ukishika kalamu pale stendi na ukaandika kilicho rahisi. Nadhani ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Lakini wewe ulinifanya nifurahi juu ya kitu kilichokuwa kimekwisha. Nilipapasa boksi kavu kwa kiganja changu, nikamshukuru Mungu, na wakati huo Modesta alikuwa anafagia mlango wake. Hicho ndicho kinachoniamsha. Si yeye, wala mtoto. Mtoto namwonea huruma, shoka ni zito.

Ijumaa nilipakia vyombo vyote na kuondoka Ilemela. Funguo nimemrudishia mwenye nyumba. Mzee Mihayo alinisaidia kufunga godoro juu, akaniambia, "Mwalimu, hilo gari lako sasa linaunguruma kama la mzungu." Nikamwambia shikamoo ya kuagana. Akaitikia, akaendelea kushika kamba wakati hakukuwa na cha kufunga tena.

Niliendesha polepole. Lamadi, Bunda. Geji haikupita katikati. Nilipofika pale njia ya kwetu inapochepuka kwenda ziwani, nilisimamisha gari kando. Mbele ilikuwa njia ya Rorya. Nikasema nitasubiri mpaka nijue moyo wangu unataka nini, na nikasubiri, na moyo ulitaka kwenda kwako. Nakuandikia hili kwa kuwa ni kweli. Ulitaka kuja kukaa pembeni kwenye nyumba ya bati na kungojea zamu yangu. Nilipouona umenyenyekea kiasi hicho niliuogopa. Nikakata kona.

Baba alikuwa anatengeneza nyavu uani. Nilimpigia magoti, akaniangalia, akaangalia godoro juu ya gari.

"Umefukuzwa?" akauliza.

"Hapana, baba. Nimepewa nafasi."

"Nafasi gani?"

"Ya pili."

Aliendelea na fundo alilokuwa analifunga mpaka akalimaliza. Mama ndiye aliyelia. Alisema niende kwanza nikakusikilize, kwamba mwanamume akitubu hupokelewa, kwamba nitakaaje, nani atanichukua tena na hali yangu ile. Nilimwambia, "Mama, nimemsikiliza. Ameniandikia sana." Usiku huo nililala chumba changu cha usichana, na chungu chake nikamrudishia jikoni, hakukikataa wala hakukipokea. Kilikaa pale kwenye meza kati yetu.

Asubuhi nilimwambia baba kwamba nataka ng'ombe wako warudi.

Alinieleza maana yake kana kwamba sijui. Kwamba wakishatoka zizini hapa, hakuna mahali popote nitaitwa mke wako, wala sitakuzika, wala hutanizika. Kwamba akishawatoa hatawafuata tena hata nikilia. Nilisema najua. Akasema basi, lakini ndama wabaki kwake, kwa sababu wamezaliwa kwenye majani yake, na yule mwenye baka ameshamzoea kama mtu. Hilo nalo nilimkatalia. Nilimwambia waende na ndama wao wote, baba, kisibaki kitu ambacho mtu atakuja kukiulizia. Alitoka nje, akakaa muda mrefu akimkuna yule mwenye baka shingoni. Kisha akaenda kumtafuta mtu wa lori.

Kwa mkuu wa shule nimeshaomba kuhamishwa. Si jambo la kukuhusu, naliandika tu ili usinitafute Ilemela.

Baba mdogo Chenge ndiye aliyewasindikiza ng'ombe, na barua hii amekuja nayo yeye, haikupitia kwa kondakta. Nilimwagiza asikupe mpaka wawe wameshuka wote na baba zako wadogo wawe wamewaona kwa macho yao. Yeye ni mtu anayetii. Kwa hiyo ukiisoma hapa, ng'ombe wameshashuka, na mimi si mke wako.

Odeta